Zulia Juu ya Mlango

"Hajaolewa. Zulia liko juu ya mlango, nimeliona jana kwa macho yangu."

"Macho hayo hayo yaliyomgonga mbuzi wa watu kule Babile?"

"Yule mbuzi aliruka mwenyewe."

"Haya. Na pale siku hizi ni makumbusho, si nyumba tu. Vitu vya pale vinawekwa ili watu wavitazame."

"Wenyewe hawajahama, Hayat. Wanakaa vyumba vya juu, pembeni. Baba yupo, mama yupo, binti yupo, zulia lipo. Unataka nikuletee nini tena, muhuri?"

"Nataka umuulize mtu. Mdomo unao, na kwa mambo ya kijinga unautumia sana."

Huyo ni dada yangu. Alikuwa amekaa uani anapepeta kahawa, ananijibu bila kuinua kichwa, na mimi nimesimama nazungusha funguo za pikapu kidoleni kwa sababu kukaa chini kunanishinda. Chanzo cha ugomvi kilikuwa mjomba wetu, Aw Tahir. Ijumaa baada ya swala alikuwa aende na wazee wawili nyumbani kwa kina Rumana kuniposea. Mjomba ana hasira za karibu. Alishanionya kwamba akifika pale, akavua viatu, akanywa chai yao ya majani ya kahawa, halafu akaambiwa binti ana mwenyewe, atanitukana kuanzia mlango wao mpaka mlango wetu, tena kwa sauti, mtaa mzima usikie.

Hayat naye alikuwa ameokota neno kwa wanawake wa chama cha mtaa, wale wanaopikiana kwenye harusi na misiba. Eti Rumana kafungishwa ndoa kimya kimya na mtu wa ng'ambo. Nikamuuliza ngoma ilipigwa lini. Akasema haikupigwa. Nikamuuliza nani alipika. Akasema hakupika mtu. Nikamwambia hata paka wa Harar wanaoana kwa kelele kuliko hiyo harusi yako.

"Basi nenda," akasema. "Nenda kaangalie vizuri kabla hujamwaibisha mjomba. Na uoge kwanza, unanuka mirungi."

Mirungi ndiyo kazi yangu. Naendesha pikapu toka Awaday kwenda Jijiga, na mirungi haingoji mtu, ikinyauka njiani hakuna anayeitaka, kwa hiyo tunakimbia barabarani kama tumeiba. Nikipata nafasi ya kupumzika naacha gari nje ya lango la ukuta wa Harar, naingia mjini kwa miguu. Kwetu kuna njia fupi. Mimi nilikuwa napita ya mbali, kichochoro cha kina Rumana, kwa sababu geti lao mchana halifungwi. Ukipita unaona ua, unaona ngazi ya pembeni, unaona mlango mkubwa na juu yake zulia limekunjwa. Nilikuwa natupa jicho mara moja tu. Lipo. Basi, naenda zangu, roho imetulia.

Kwetu binti akifikia kuolewa zulia lake linakunjwa, linalazwa juu ya mlango wa nyumba, na kila apitaye anajua. Siku akiolewa linateremshwa. Huna haja ya kuuliza watu. Shule niliacha darasa la saba, lakini kusoma mlango nilijua kabla sijajua kufunga viatu.

Rumana si mzuri wa kuimbiwa. Ana jino moja limepanda juu ya jingine, akicheka analifunika kwa kidole. Nilimjua kwa sababu ya mirungi: kila Alhamisi nilikuwa nampelekea baba yake kifurushi, na anayekuja getini kukipokea ni yeye. Alikuwa anafungua majani palepale, ananusa, ananiambia haya uliyotuletea ni ya mbuzi. Nilikuwa namletea ya juu kabisa, anajua, ila lazima aseme. Siku moja nikamwambia baada ya Idi nitatuma wazee. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye ndala, akasema, "Wazee wako wanaweza kupanda ngazi zetu lakini?" Akacheka, akafunika jino. Mimi nikahesabu hiyo kuwa ni ndiyo.

Idi ikaja, gari bado la tajiri, mimi dereva wa kutumwa. Nilitaka mjomba akiulizwa kijana wenu anafanya nini, aseme ana gari lake, si kwamba anaendesha la watu. Nikasema Idi ijayo. Halafu daktari akamkataza baba yake Rumana mirungi, nikakosa sababu ya kubisha hodi. Huwezi kusimama kwenye geti la watu mikono mitupu ukamwita binti yao. Kwa hiyo nilikuwa napita. Zulia lilikuwepo, sasa haraka ya nini? Juzi tajiri kaniachia gari, limekuwa langu. Nikaenda kwa mjomba moja kwa moja na vumbi la barabarani mwilini.

Kwa hiyo nikaoga kama dada alivyotaka, nikavaa shati la Idi, nikaenda makumbusho.

Nyumba ya watu hujiingilii tu. Lakini makumbusho yanaingiwa na mwenye tiketi, na hilo lilinifurahisha sana njiani, nikawa natembea nacheka peke yangu. Chini ya geti alikuwa amekaa mzee wa kamati, Jemal, na kibweta cha tiketi mapajani. Kamati ya mtaa ndiyo iliyoiomba familia iache chumba kikubwa kwa ajili ya makumbusho, maana nyumba ni ya zamani mno na zilizobaki hivi ndani ya ukuta ni chache. Mzee Jemal akaniuliza nimekuja kuona nini, mtu wa mtaa huu huu, sijawahi kuona bakuli? Nikamwambia nataka kuona kama yeye naye kawekwa kwenye maonyesho. Akanikatia tiketi huku akinitukana taratibu, kizee.

Niliinua macho mara moja nilipoingia uani. Zulia lilikuwepo, jekundu, limelala juu ya mlango. Nikavua viatu.

Ndani kulikuwa na wageni wawili tu, vijana wa Addis, wameoana wiki ile ile. Ungewajua hata kwa mbali: mkono wa mke haukutoka kwenye mkono wa mume hata pale aliporudi nyuma kupiga picha. Mume anaitwa Dagim, mke Meklit. Aliyekuwa anawatembeza ni Rumana.

Sikujua kwamba ndiye anayetembeza wageni. Alikuwa amenipa mgongo, amejitanda mtandio wa rangi ya zafarani, anaongea Kiamhara safi cha mwalimu wa redio. Akageuka kuonyesha ukuta wa vikapu akaniona. Sauti ikakatika kama redio ya gari ikipita chini ya daraja, halafu ikarudi. Akaendelea na vikapu. Hivi vya mama mkwe, hivi bibi harusi anasuka mwenyewe kabla ya kuolewa. Akanijumlisha kwenye wageni kama mtu ambaye hanijui, na mimi nikafikiri ni aibu. Nikafikiri ni vizuri, binti anayeona aibu ni binti aliye nyumbani kwao bado. Ndivyo nilivyokuwa na akili siku hiyo.

Chumba chenyewe nilikuwa sijawahi kukiingia. Nilikuwa nimekiona toka getini tu, kwa vipande. Baraza za udongo mwekundu zimepanda moja juu ya nyingine, zimesuguliwa mpaka zinang'aa, na Rumana anaeleza nani anakaa wapi: ya juu pale pembeni ya mwenye nyumba, ile kubwa ya watu wote, ile ya nyuma ya mlango ya mtu anayetaka kupumzika asionekane. Dagim akapanda kwenye ya mwenye nyumba, akakunja miguu kama sultani, akamwambia mkewe ampige picha.

Nikamwambia, "Kaka, shuka. Hapo pa mwenye nyumba."

Akashtuka, masikini, akaanza kushuka. Rumana akasema, "Mwache. Amelipia."

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia baada ya muda wote ule. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayemwambia dereva asimame hapo mbele.

Mimi nilikuwa naangalia baraza ya chini, karibu na mlango. Hapo ndipo wanapokaa wanaokuja kuomba. Nilimwona akilini mjomba kakaa pale siku ya Ijumaa, goti linamuuma, anakohoa kabla ya kuanza maneno yake marefu ya kuzunguka, na baba yake Rumana juu anajifanya hajui wamefuata nini. Nilimwona mpaka kofia yake. Nikawaza nimwambie asivae ile ya kijivu.

Tukaenda kwenye chumba cha fungate. Ni kichumba kidogo upande wa kushoto, hakina hata pa kugeukia, na ukutani kuna kidirisha cha kupitishia chakula. Rumana akaeleza kwamba maharusi walikuwa wanafungiwa humo siku za mwanzo, hawatoki, hawaonwi na mtu, chakula kinapita pale, maji yanapita pale. Meklit akaingiza mkono kwenye kidirisha, akacheka, akamwambia mumewe umesikia, mimi ulinipeleka hoteli yenye kunguni. Dagim akasema kunguni ni mmoja tu. Wakawa wanabishana kuhusu kunguni, wanapendeza, na mimi nikajikuta nacheka nao. Rumana hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja kwenye kizingiti cha kile kidirisha, anakipapasa taratibu kama anafuta vumbi. Hakikuwa na vumbi.

Nilisimama nyuma yao, nimeinama kwa sababu ya dari. Sitaficha: nilishawahi kukiwazia kile kichumba. Ukiwa peke yako kwenye barabara ya Jijiga jua limekupiga usoni unawaza kitu cha kivuli. Nilikuwa nawaza mimi na yeye humo, mama yake anapitisha mkate wa injera dirishani na kukohoa kwa heshima.

Tukatoka uani kuvaa viatu. Hapo ndipo Meklit alipoinua kidole.

"Na lile kule juu? Mbona mmelikunja?"

Rumana akaeleza. Aliyaeleza maneno yale yale ninayoyajua toka utoto, binti, umri, zulia, mpita njia, lakini kwa Kiamhara na kwa ile sauti ya redio yalikuwa kama habari za watu wengine. Meklit akafurahi sana. Akapiga makofi.

"Kwa hiyo humu ndani kuna binti! Ni wewe, si ndiyo? Mwangalie alivyoinama. Dagim, ni yeye."

"Hapana," Rumana akasema. "Langu lilishateremshwa. Hilo ni la kamati. Tumeliweka ili wageni waelewe."

Umeshawahi kupasukiwa na tairi kwenye kona? Kwanza unasikia mlio. Hauumi. Unakuwa umeshika usukani unasubiri kuona gari litaamua kwenda upande gani. Nilikuwa nimeinama na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Meklit akampa hongera, akambusu mashavu yote mawili, akamuuliza bwana yuko wapi. Toronto, Rumana akasema. Mlionana wapi? Bado hatujaonana, ndoa ilifungwa kwa simu, ndugu wanafahamiana. Meklit akasema ooh, halafu akasema Toronto kuna theluji nzuri. Dagim akasema ana binamu huko, akajaribu kukumbuka mtaa wake. Wakaaga. Walipofika getini Meklit akageuka akampungia mkono Rumana mara mbili, kama mtu anayemwacha mgonjwa.

Mzee Jemal alikuwa ametoka kwenda kuswali. Tukabaki wawili uani.

Nilivaa kiatu cha pili. Ilichukua muda, kamba ziligoma. Nilisema jambo la kwanza lililokuja mdomoni, nikamwambia shati hili nimelifua kwa ajili ya kuja hapa. Akasema ameliona. Nikamwambia Ijumaa mjomba anakuja na wazee. Gari ni langu sasa. Nikatoa na funguo mfukoni nikamwonyesha, kama mtoto.

Aliziangalia zile funguo muda mrefu kuliko zilivyostahili.

"Wanakuja kufanya nini?" akauliza.

"Unajua wanakuja kufanya nini."

"Izzedin, usinifanyie mzaha. Mzaha wako nimeuvumilia sana, wa leo siuwezi."

Nikamwambia sifanyi mzaha. Akanitazama kama ananipima homa. Akasema kwa sauti ya chini, ya kwake hasa, si ile ya wageni:

"Wewe ulijua. Siku ile ile ulijua."

"Siku gani?"

Akanieleza. Alieleza kwa haraka, kama mtu aliyeyasema maneno hayo peke yake mara nyingi mpaka yamelainika. Ilikuwa Shaabani. Aliningoja Idi ya kwanza, akaningoja ya pili, mama yake anamuuliza unamngoja nani anashindwa kusema, maana angesema nini, kwamba mleta mirungi aliwahi kuropoka getini? Baba akaanza kuugua. Akataka amwone bintiye kwa mtu kabla hajafa. Hawa wa Toronto wakaleta posa, naye Rumana akakosa sababu ya kukataa. Ngoma wakasema watapiga mwenyewe akija, sherehe itangoja. Asubuhi mama yake akapanda kigoda akaliteremsha zulia. Mchana baba akapiga simu, shehe akasoma, ikaisha kabla kahawa haijapoa.

"Mzee Jemal akaja juu," akasema. "Anafoka. Kuna wageni wanakuja saa tisa kutoka ubalozi sijui wa wapi, mlango uko mtupu, utaelezewaje? Akaleta hilo la kamati, akalipachika. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye ngazi, nina hina mikononi, sina hata pa kuiweka mikono. Na wewe ukapita."

Nilianza kukumbuka. Siwezi kusema naikumbuka siku hiyo, zilikuwa nyingi zimefanana. Lakini nilijua kitakachofuata, kama unavyolijua shimo la barabarani unalolipita kila siku.

"Ukapita hapo getini," akasema. "Ukaangalia juu ya mlango moja kwa moja. Hukuangalia pengine popote. Halafu ukatabasamu, Izzedin. Ukatabasamu, ukaenda zako, unapiga mluzi."

"Niliona zulia."

"Wanawake wote wa mtaa walikuwa wanajua. Nikasema kaambiwa. Kaja kuhakikisha. Nikasema moyoni, kumbe ile ahadi ilikuwa inambana, sasa kapumua."

"Rumana. Niliona zulia. Nilitabasamu kwa sababu niliona zulia."

"Hilo si langu."

"Ningejuaje? Limekunjwa. Jekundu, limekunjwa."

"Langu lina pindo la kijani."

Akasema hivyo, na nikaona anaelewa. Ilimwingia polepole, toka machoni ikashuka mpaka mdomoni. Mkono ukapanda kufunika jino ingawa hakuna aliyecheka. Akakaa chini, palepale kwenye kizingiti cha mlango, chini kabisa ya lile zulia la kamati, na mimi nikatamani niruke nilinyakue nilitupe kichochoroni. Sikuligusa. Lingenisaidia nini?

Alisema, "Miezi yote hii nimekuchukia." Halafu akasema, "Nilikuwa napata usingizi kwa sababu ya chuki hiyo."

Mimi si mtu wa maneno ya kubembeleza, sijui yanaanzia wapi. Nikamwambia ndoa ya simu si ndoa. Akasema ni ndoa. Nikamwambia hamjaonana, hajakugusa, huyo mtu hajui hata kama unapika chumvi nyingi, ngoma haijapigwa, mtaa haujala, nani ataona ajabu ikivunjika? Nitazungumza na baba yako mimi mwenyewe, nikamwambia, nitapanda hizo ngazi sasa hivi, mjomba asubiri Ijumaa yake. Nikapiga hatua kuelekea kwenye ngazi, kweli nilikuwa naenda.

"Baba hasemi tena," akasema.

Nikasimama.

"Toka mwezi uliopita. Ulimi umekufa. Anaangalia tu. Neno la mwisho alilolisema vizuri, tukalisikia wote, ni kwenye ile simu. Alisema nimekupa binti yangu." Akanyanyua macho. "Sasa nipande nimwambie nini? Baba, lile neno lako la mwisho lirudishe?"

Nikarudisha mguu, nikaiacha ile ngazi.

Nikamuuliza anaondoka lini. Akasema Jumapili. Karatasi zimetoka. Mama yake alitaka asifanye kazi wiki hii, ajiandae, lakini yeye ameomba ashuke kutembeza wageni mpaka mwisho, kwa sababu akiwa anaeleza hafikirii. Ukilieleza jambo kila siku, akasema, linakuwa la makumbusho kweli. Kile kichumba cha fungate sasa anaweza kukieleza bila kumeza mate. Huko anakokwenda watakaa ghorofani juu sana, mume kamtumia picha, madirisha makubwa hayafunguki.

Nikamwambia, "Ungeningoja kidogo tu."

Nilijua ni ujinga kabla neno halijatoka mdomoni. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ungebisha hodi," akasema. "Mara moja tu. Hata bila mirungi. Ungekuja ukasema umepotea njia, mzee yeyote angekucheka, mama angekutukana, mimi ningejua. Ulikuwa unapita hapa kila mara, nyayo zako nazijua, nilikuwa nakaa kwenye ngazi nazisikia zinakuja, zinapunguza mwendo hapo getini, halafu zinaenda. Ulikuwa unaongea na mlango, Izzedin. Mimi nilikuwa hapa pembeni."

Kuku wa jirani aliingia uani, akadonoa donoa, akatoka. Nilimwangalia mpaka akapotea. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Kwamba mirungi ya Alhamisi nilikuwa naichagua shina kwa shina. Kwamba pikapu nimeipaka rangi mpya na fundi aliponiuliza niandike jina gani nyuma nikamwambia aache wazi, nitamwambia Ijumaa jioni. Badala yake nikasema mjomba atanitukana njia nzima. Akacheka, na safari hii hakufunika jino, na kicheko kikavunjika katikati kikawa kitu kingine. Akajifuta kwa ncha ya mtandio, akakunja ile ncha ikawa kidonge, akaifinya kwenye ngumi.

"Mwambie asije," akasema. "Mwambie kwa upole. Mwambie wewe ndiye umebadilisha mawazo, binti ana jino baya."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Basi mwambie unavyoweza. Lakini asije. Baba akiwaona wazee wamekaa pale chini, atajua wamefuata nini. Kuona anaona. Na kusikia anasikia."

Nilikubali kwa kichwa. Tulikuwa tumesimama karibu sasa, karibu kuliko tulivyowahi kusimama, hata zile siku za kifurushi. Nilisikia harufu ya ubani kwenye nguo zake. Kama ningenyoosha mkono ungefika. Aliuangalia mkono wangu, kama vile na yeye anakadiria, na wala hakurudi nyuma.

Dirisha la juu likafunguka. Mama yake, Mama Zeytuna, hakutoa kichwa, tulisikia sauti tu na vikombe vikigongana. Alikuwa anauliza kama wale wageni wa Addis wameshaondoka.

"Wameondoka, mama."

Akauliza tena kama kuna mtu mwingine amebaki huko chini, maana kahawa iko tayari, na kama kuna mtu aongeze kikombe.

Rumana alikuwa ananitazama usoni wakati anajibu.

"Hakuna mtu," akasema.

Akavuta mtandio mbele, akageuka, akapanda ngazi.